Jaboa wa Sahara: mmoja au wawili?

Ukipita usiku kwenye nyika za Kenya au Tanzania unaweza kumwona kamendegere akirukaruka kwa miguu ya nyuma kama kangaruu mdogo. Mwaka 1778 msomi J. R. Forster alimpa jina Yerbua, akimhesabu miongoni mwa jaboa, wale panya warukaji wa jangwani ambao Waarabu huwaita yarbu. Alikosea. Jamaa wa karibu wa kamendegere ni wanyama mfano wa kindi wanaoambaa hewani kutoka mti hadi mti. Miguu ilimdanganya.

Leo jaboa mwenyewe ndiye anayebishaniwa. Jaculus jaculus, anayepatikana kuanzia Mauritania hadi Uarabuni, ni spishi moja au mbili zinazofanana?

Wanaosema mbili huanzia kwenye vinasaba. Tafiti za mwaka 2012 zilipima mitokondria, visehemu vya seli vyenye vinasaba vyake, za jaboa wa Afrika Kaskazini zikakuta koo mbili zilizoachana zamani sana, lakini zingali zikiishi jangwa moja. Ukoo wa pili wakaupa jina lililokuwa limelala vitabuni, Jaculus hirtipes. Kwangu, nguvu ya hoja iko kwenye huo ujirani. Wangekuwa wametenganishwa na bahari au milima, tofauti yao isingetushangaza. Hawa wanachangia jangwa, na bado kila ukoo umebaki na damu yake.

Wapinzani nao hawabahatishi. Mitokondria hurithiwa kwa mama tu, kwa hiyo ukoo wa baba hauonekani humo. Rangi nayo ni shahidi dhaifu: wa kwenye mchanga huelekea kuwa weupe zaidi na wa kwenye mawe kuwa weusi zaidi, lakini rangi hizo huingiliana. Aliyemshika jaboa mkononi anaweza asijue ni yupi.

Pingamizi hilo la mitokondria limepungua uzito, maana vinasaba vya kiini cha seli, vinavyotoka kwa wazazi wote wawili, navyo vimeonyesha mtengano, pamoja na mchanganyiko mdogo. Huo mchanganyiko haunitishi. Hata mbweha wa Ethiopia huzaa na mbwa wa vijijini, na hakuna anayemfutia jina lake. Nakubali ni wawili. Ila ngozi kuukuu za makumbusho zilizotenganishwa kwa rangi peke yake, mimi nisingezibadilishia kibandiko kabla ya kukata kipande na kukipeleka maabara.