Fuwele Kubwa Si Lazima Iwe Safi

Kila darasa linapofikia mada ya chumvi, ubishi wa walimu wa kemia katika shule yetu hapa Kisumu hurudi palepale: ili kupata fuwele, yaani vipande vigumu vyenye umbo maalum, myeyusho moto wa salfeti ya shaba (chumvi ya buluu ya maabara, si ya kula) upoozwe haraka kwenye maji ya barafu, au uachwe mezani hadi kesho?

Wanaotaka haraka wana hoja. Kipindi cha mara mbili ni dakika 80, na mwanafunzi asiyeona matokeo siku hiyo husahau hata alichokuwa anatafuta. Ila akipata, anapata unga wa buluu. Myeyusho ukipoa ghafla, viini vingi, yaani vianzio vya fuwele, huzaliwa kwa mpigo na kugombania chumvi ileile, hakuna kinachonenepa. Ukipoa taratibu, viini huwa vichache, chembe hupata muda wa kujipanga, na fuwele hutoka na pande zake za mshazari zinazong'aa.

Lakini wa polepole nao hawasemi kila kitu. Gramu 100 za maji kwenye nyuzi 60 za Selsiasi hubeba takriban gramu 62 za chumvi hii, ikihesabiwa pamoja na maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake. Kwenye nyuzi 20 hubeba 32. Kwa hesabu ya kitabu, gramu 30 zitajitenga. Nani ana nyuzi 20 Kisumu saa nane mchana? Kwenye nyuzi 30 maji bado yanashikilia kama gramu 38, kwa hiyo unavuna 24 tu. Barafu inakurudishia hizo sita na zaidi.

Kuna dhana pia kwamba fuwele kubwa ndiyo safi. Hapo nawapinga wenzangu. Ni kweli kwamba ikikua taratibu husukuma uchafu nje, lakini ikishakuwa kubwa inaweza kufungia ndani vitone vya myeyusho wenye uchafu, na vitone hivyo huwezi kuviosha. Punje ndogo zilizolingana huoshwa kwa urahisi. Viwanda vya sukari vya ukanda wetu, kuanzia Muhoroni hadi Chemelil, havisubiri mabonge: shira (maji mazito ya sukari) hupandwa mbegu za sukari laini ili punje zikue sawasawa. (Sukari si chumvi, najua, ila kanuni ni hiyohiyo.)

Kosa lisilo na utetezi ni kuchemsha hadi maji yakauke. Chumvi ikiendelea kupata moto hupoteza hata maji yaliyomo ndani ya fuwele, na buluu inageuka unga mweupe. Hapo haikubadilika ukubwa tu. Umbo lenyewe la ndani limevunjika.

Mimi hupooza nikikoroga kwa kijiti cha kioo, darasa lichuje na kupima siku hiyohiyo. Bika moja (chombo cha kioo) yenye myeyusho huiweka stoo, fuwele mbegu, ile ndogo ya kuanzia, ikining'inia kwa uzi. Wiki hii fuwele hiyo imefikia ukubwa wa punje ya hindi, na tayari kuna mtu ameitia kidole.