Unatafuta nini kwenye picha?

Wanafunzi wa udaktari wanapopangiwa idara za kuzungukia, radiolojia, idara ya eksirei na picha nyingine za mwili, huwa wanaifurahia kwa sababu isiyo yake. Hakuna zamu ya usiku. Hakuna raundi ya saa moja asubuhi kwenye baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba. Mwanafunzi anakaa nyuma ya daktari bingwa kwenye chumba chenye giza, anatazama skrini, anasinzia kidogo, saa saba anakwenda kula. Ndiyo maana wapo walimu wa tiba wanaosema wiki hizo zifutwe, wapewe watoto au wodi ya wazazi, na picha zifundishwe wodini mgonjwa akiwa palepale.

Hoja hiyo ina uzito wake. Shahada ya udaktari ni miaka mitano, kama wiki 260 hivi, na sehemu kubwa ya mwanzo inaishia darasani. Daktari atakayepelekwa kituo cha afya Ileje atakutana na mama mwenye uchungu pingamizi muda mrefu kabla hajaigusa fomu ya siti skani. Mabingwa wa radiolojia nao ni wachache: kila saa bingwa anayofundisha, kuna picha ya mgonjwa inayongoja kusomwa. Tena kompyuta zimeingia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zisome eksirei za kifua katika uchunguzi wa kifua kikuu. Kama mashine inasoma, kwa nini tumchoshe mwanafunzi?

Yote haya nayakubali, ila mtu akiniambia picha zitafundishwa wodini, namkumbuka mzee mmoja wa chumba cha eksirei.

Nilikuwa daktari tarajali, bado nafanya mafunzo ya kazi, katika hospitali moja ya nyanda hizi za juu kusini. Alikuja mkulima wa viazi, umri kama miaka arobaini, mgongo ukimuuma siku ya nne tangu apakie magunia kwenye fuso. Nikajaza fomu: jina, umri, eksirei ya kiuno. Kwenye nafasi ya maelezo ya ugonjwa nikaandika "maumivu ya mgongo". Haikupita robo saa, mgonjwa karudi na fomu ileile mkononi, anasema ameambiwa dokta ashuke mwenyewe.

Nikashuka. Mteknolojia wa mionzi alikuwa mtu mzima, amebakiza muda mfupi astaafu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akailaza fomu yangu mezani na kuweka kidole pale nilipoandika.

"Dokta, unatafuta nini hapa?"

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa natafuta ni picha.

"Ameanguka?" Hapana. "Miguu ina ganzi, haina nguvu? Mkojo unatoka vizuri? Ana homa, amekonda, amewahi kuugua kansa au kifua kikuu?" Hapana, hapana, hapana. "Sasa nikimpiga, tutaona nini?"

Maswali yale yamo kwenye miongozo ya tiba ya nchi nyingi. Mgongo uliouma ghafla bila dalili hizo haupigwi picha katika wiki sita za mwanzo, kwa kuwa wengi hupona wenyewe. Nilishayasoma na kuyajibu kwenye mtihani. Wodini hakuna aliyewahi kuniuliza, kwa sababu wodini picha hufika ikiwa tayari imepigwa. Inanyanyuliwa kuelekea dirishani, bingwa anaonyesha kivuli, tunaitikia kwa vichwa, raundi inasonga kitanda kinachofuata. Mwanafunzi anajifunza kuona kilichopo. Kama ile picha ilistahili kupigwa, hilo halina nafasi kwenye raundi.

Nimeirudia mara nyingi hesabu ya ile fomu. Eksirei moja ya kifua humpa mtu mionzi ya takribani milisiveti 0.1 (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini). Ya kiuno hufika karibu 1.5, maana miale inapaswa kupenya tumbo na mifupa minene. Yaani kiuno kimoja ni kama vifua kumi na vitano. Mionzi ya asili, ile ya ardhini, angani na kwenye chakula, kwa wastani wa dunia ni kama milisiveti 2.4 kwa mwaka, kwa hiyo nusu dakika pale mezani ni sawa na miezi saba na nusu hivi ya kuishi tu. Kwa mtu mmoja hatari bado ni ndogo sana, na sipendi kuwatisha watu na eksirei. Kinachonisumbua zaidi ni kile ambacho picha ingemwambia yule mkulima. Kiuno cha mtu wa miaka arobaini anayelima mlimani mara nyingi hakikosi alama: vijimfupa vimechomoza pembeni, nafasi kati ya pingili imepungua. Wasiougua kabisa wanazo pia. Lakini daktari akiziandika, mgonjwa anarudi nyumbani na neno moja, "pingili zimesagika", na neno hilo halitoki tena. Anaacha jembe, ananunua mkanda wa kiuno, anazunguka kwa waganga na maduka ya dawa, na mwakani anaomba picha nyingine aone kama zimeendelea kusagika. Nani atamwambia kwamba ugonjwa huo ameuokota kwenye karatasi yangu?

Upande mwingine wa fomu ni kifua, na hapa kwetu kosa lake ni kali zaidi. Utafiti wa kitaifa wa 2022–23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Mwanafunzi anafundishwa kifua kikuu cha kitabuni: sehemu ya juu ya pafu, shimo jeusi lenye ukingo mnene. Kinga ikishashuka sana, shimo mara nyingi halipo. Ugonjwa unaweza kukaa chini ya pafu, au kwenye tezi tu, au kusambaa kama punje za ulezi, na wakati mwingine eksirei ni safi kabisa huku mgonjwa anakufa. Fomu iliyoandikwa "kikohozi" na fomu iliyoandikwa "kikohozi, ana VVU, hajaanza dawa" zinaweza kuambatana na picha moja na zikapata majibu mawili. Kuhusu kompyuta, pendekezo lile la 2021 ni la watu wa miaka 15 kwenda juu, na ni la kifua kikuu. Mtoto hayumo, kiuno hakimo, na kijana wa bodaboda aliyegongwa Uyole hayumo.

Wanaotaka wiki zile zifutwe wana haki kwa jambo moja: jinsi zinavyotumika sasa, nyingi zinapotea. Kukaa gizani nyuma ya mgongo wa bingwa hakumfundishi mtu. Mimi ningemtoa mwanafunzi pale na kumweka dirishani zinapopokelewa fomu, pembeni ya mteknolojia. Asome fomu za asubuhi, aseme kila mmoja anatafuta nini, zile ambazo hazisemi azirudishe wodini kwa miguu yake. Picha ikitoka aandike majibu yake kwanza, ndipo alinganishe na ya bingwa. Kazi hiyo inamgharimu bingwa nusu saa jioni, na wiki mbili zinaitosha.

Kikwazo chake nakijua. Mteknolojia halipwi kufundisha madaktari, na baadhi ya madaktari hawapendi kufundishwa na mteknolojia. Kitabu changu cha mafunzo bado ninacho. Ukurasa wa radiolojia una mstari mmoja wa saini, wa bingwa, na ilisainiwa siku ya mwisho bila swali lolote. Kwa mtu aliyenirudishia fomu hapakuwa na mstari. Wakuu wa idara wakikaa kubishana kuhusu idadi ya wiki, ningependa waanze na ukurasa huo.