Msinisifie jasho, nionyesheni daftari

Habari za vijiji vya mfano vya India zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp zote zina sura moja. Palikuwa na kijiji kikavu, wanaume wamelewa tangu asubuhi, vijana wamekimbilia mjini. Akarudi mtoto wa nyumbani mwenye maono, akaita watu, wakashika majembe, na baada ya miaka kadhaa visima vimejaa na ng'ombe wamenona. Kisha hufuata maoni ya wasomaji wa huku kwetu Tanzania: sisi tuna laana gani? Tumezidi uvivu, hatupendani, hatuna umoja.

Habari hizo si za uongo, lakini zinaachia njiani sehemu ambayo ingetufaa zaidi. Nimesoma sana kuhusu vijiji hivyo, na kila ninapochimba nakuta kwamba kujitolea ndicho kitu rahisi kuliko vyote. Watu wa vijijini wanajitolea kila siku, tena bila kuombwa. Kigumu ni kupata sauti ya mwisho juu ya maji, msitu na fedha, na kulishika daftari ambalo mambo hayo yameandikwa.

Chukueni Hiware Bazar, kijiji cha wilaya ya Ahmednagar (sasa inaitwa Ahilyanagar), jimbo la Maharashtra. Ni sehemu kame, upande wa milima ambako mawingu yanafika yakiwa yameshamwaga mvua yao kwingine. Karibu mwaka 1990 wanakijiji walimchagua Popatrao Pawar, kijana msomi, kuwa sarpanch, yaani mwenyekiti wa kijiji. Wakachimba makinga maji kwenye vilima, wakapanda miti, wakazuia ulishaji holela. Serikali ya India ilimpa Pawar nishani ya Padma Shri mwaka 2020, na ninakubali aliistahili.

Ila kuna jambo dogo linaloachwa. Sehemu kubwa ya kazi ile ya kuhifadhi udongo na maji ililipwa ujira kupitia mpango wa ajira wa jimbo, ambao Maharashtra iliufanya sheria tangu miaka ya 1970. Mtu maskini alichimba akarudi nyumbani na pesa ya unga. Saa za kujitolea zilikuwapo, lakini hazikubeba mzigo peke yake. Anayetuambia Wahindi wale walijikomboa kwa jasho tupu anatuandalia msaragambo mwingine.

Na maji yalipopatikana, waliyawekea sheria kali. Kila mwaka mvua zikiisha wanapima kilichonyesha, wanakadiria kilichomo ardhini, kisha mkutano unapanga: maji ya kunywa ya watu na mifugo kwanza, kinachobaki ndicho cha mashamba. Mvua ikiwa haba, mazao ya kiangazi yanapunguzwa. Visima virefu vya mashine kwa ajili ya umwagiliaji ni marufuku, na miwa pia, kwa sababu inakunywa mno. Fikirieni tajiri mwenye fedha za kuchimba kisima cha kwake, kwenye shamba lake, anaambiwa hapana na majirani zake, naye anatii. Hilo ndilo lililonishangaza, kuliko miti.

Wilaya hiyohiyo ina Ralegan Siddhi, kijiji cha Anna Hazare, mwanajeshi aliyerudi nyumbani mwaka 1975 na baadaye akajulikana dunia nzima kwa mifungo yake ya kupinga rushwa. Maji yalirudi huko pia, na pombe ikapigwa marufuku. Lakini walevi walifungwa kwenye nguzo karibu na hekalu wakachapwa, na Hazare mwenyewe hakuficha. Wapo watakaosema walistahili. Mimi kijiji chenye umoja wa kiboko kinanitia hofu, maana leo anachapwa mlevi, kesho atachapwa anayeuliza hesabu.

Hofu hiyo si yangu peke yangu. Novemba 1948, Bunge la Katiba la India lilipokuwa likijadili rasimu, B. R. Ambedkar, mwenyekiti wa kamati iliyoiandika, alisimama akakikataa kijiji kama msingi wa taifa. Wafuasi wa Gandhi walikuwa wakikisifia kijiji kama jamhuri ndogo ya wema. Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka lililoitwa najisi, aliona ujinga, ufinyu wa fikra na ubaguzi. Alijua kisima cha kijiji kina wenyewe, na wako wasioruhusiwa kukigusa. Kwa hiyo mtu akiniambia "jamii imeamua", nataka kujua ni nani katika jamii alikaa kwenye mkeka na nani alisimama mlangoni. Tangu mabadiliko ya katiba yaliyoanza kutumika Aprili 1993, theluthi ya viti vya mabaraza ya vijiji, panchayat, imetengwa kwa wanawake. Bado mahali pengi mume ndiye anayekwenda ofisini kusema kwa jina la mkewe aliyechaguliwa.

Sasa twende jimbo la Rajasthan, kwenye habari ambayo ningependa kila mwenyekiti wa kijiji aisome, hata kama itamharibia usingizi.

Mwaka 1987 Aruna Roy, aliyekuwa ameacha kazi serikalini, pamoja na Nikhil Dey na Shankar Singh na mkewe, walihamia kijiji cha Devdungri wakaishi kwenye nyumba ya udongo kama majirani zao. Hawakufungua ofisi wala kuleta gari lenye nembo ya mfadhili. Miaka ya ukame serikali ilikuwa ikifungua kazi za kuwanusuru watu na njaa: barabara, mabwawa, mitaro. Vibarua walifika siku ya malipo wakapewa chini ya kima cha chini cha sheria. Wakiuliza, wanajibiwa kwamba vipimo vya daftari vinaonyesha hawakufanya kazi ya kutosha. Basi tuonyesheni hilo daftari. Haiwezekani, ni siri ya serikali. Kulikuwa na sheria ya siri ya mwaka 1923, ya enzi za Mwingereza, na ikatumika kumficha mama mbeba zege idadi ya siku alizobeba zege.

Mei 1990 wakaunda chama chao, Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, nguvu ya wafanyakazi na wakulima. Na Desemba 1994, kijijini Kotkirana, wilaya ya Pali, wakafanya jambo jepesi kuelezeka na zito kutendeka. Walikuwa wamefanikiwa kupata nakala za kumbukumbu za malipo. Wakaita watu na kuzisoma kwa sauti.

Hakuna aliyehitaji kujua kusoma. Linatajwa jina la kibarua aliyelipwa siku kadhaa, watu wanaangua kicheko au wanakasirika, kwa sababu wanamjua na hakufika pale kazini. Mikutano hiyo iliendelea kijiji hadi kijiji, nayo ikafichua maiti waliokuwa wakilipwa mishahara, watu waliohamia mjini wakichimba mitaro kwenye karatasi, na majengo yaliyokamilika vitabuni huku paa halijawekwa. Mhasibu anaweza kuidanganya kamati ya wilaya. Kuudanganya mkutano wa watu walioishi na marehemu na kumzika ni kazi nyingine.

Serikali ya jimbo iliahidi kutoa nakala, kisha ikazikalia. Aprili 1996 watu wakaenda mji wa Beawar wakakaa barabarani siku 40. Vijiji vilichanga nafaka za kuwalisha waliokaa, na wauza mboga wa mjini wakachangia. Wito wao mmoja ulikuwa: fedha zetu, hesabu zetu. Rajasthan ikapata sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2000, na India nzima ikaipata mwaka 2005. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya ajira vijijini iliyoahidi kila kaya siku 100 za kazi kwa mwaka, na ndani yake kikawekwa kifungu kwamba mkutano wa kijiji ukague kazi zenyewe. Sheria ya taifa ilianzia kwa vibarua waliopunjwa ujira. Sijui harakati nyingi zilizosafiri mbali hivyo kwa miguu.

Gharama yake haikuwa ndogo. Makumi ya watu wameuawa India kwa sababu waliomba nyaraka, wengi wakifuatilia ardhi, mchanga na tenda za vijijini.

Kijiji kingine ninachotaka kukitaja ni Mendha, wilaya ya Gadchiroli, mashariki kabisa mwa Maharashtra. Wengi hukiita Mendha-Lekha, kwa jina la kijiji jirani. Ni kidogo, kaya zipatazo mia moja za Wagondi, watu wa msituni tangu enzi. Kaulimbiu yao imeenea India nzima: Delhi na Mumbai kuna serikali yetu, kijijini kwetu serikali ni sisi.

Kusema hivyo ni rahisi, hata sisi tuna kaulimbiu za kutosha kujaza fulana. Wao waliitendea kazi. Gram sabha yao, mkutano wa watu wazima wote, haipigi kura za wengi wape. Akibaki mmoja anayepinga, jambo linaahirishwa mpaka aridhike au aridhishe wengine. Na kabla ya kuamua, wana vikundi vya kujifunza: wanakaa, wanaita mtu anayejua sheria ya misitu au nyuki, wanamhoji, wanabishana. Mtaalamu anakuja kama mwalimu, kisha anaondoka, na uamuzi unabaki kwao. Mzee Devaji Tofa, kiongozi wao anayefahamika zaidi, hakuwa na cheo kilichomruhusu kuamua peke yake.

Ubishi wao na idara ya misitu ulikuwa wa muda mrefu. Walipojenga ghotul, nyumba ya vijana kwa mila za Kigondi, kwa magogo ya msaji, maofisa walikuja wakaibomoa kwa madai kwamba miti imekatwa kinyume cha sheria. Kijiji kikaijenga tena, na vijiji jirani vikajenga za kwao. Wakati huohuo kiwanda cha karatasi kilikuwa na mkataba wa kuvuna mianzi ya msitu huohuo kwa bei ya kutupa. Mwenyeji akikata mwanzi wa kusukia kikapu ni mwizi, kiwanda kikikata kwa malori ni mwekezaji.

Sheria ya Haki za Misitu ya mwaka 2006 ilipotoka, Mendha walikuwa tayari na ramani na hoja zao. Mwaka 2009 wakawa miongoni mwa vijiji vya kwanza India kutambuliwa haki ya pamoja juu ya msitu, hekta zipatazo 1,800. Mwisho mwema? Hata kidogo. Idara ikakataa kutoa vibali vya kusafirishia mianzi, ikidai kwamba kwa sheria ya mwaka 1927 mwanzi ni mti. Una msitu, lakini huwezi kutoa fito moja nje ya kijiji. Ilibidi Aprili 2011 waziri wa mazingira wa taifa, Jairam Ramesh, aende mwenyewe pamoja na waziri mkuu wa jimbo, akabidhi kitabu cha vibali mikononi mwa gram sabha. Kitabu cha stakabadhi kikatolewa na waziri! Tangu hapo Mendha wakauza mianzi yao kwa bei waliyopatana wenyewe na wanunuzi.

Uhusiano wetu na mambo haya si wa kubuni. India ilipotoa Tuzo ya Amani ya Gandhi kwa mara ya kwanza, mwaka 1995, aliyepewa ni Mwalimu Nyerere. Kina mama wa Zanzibar walikwenda Tilonia, Rajasthan, kijiji ambacho Aruna Roy alifanyia kazi kabla ya Devdungri, wakajifunza kuunda na kutengeneza taa za sola, na baadaye chuo cha namna hiyo kikafunguliwa Kinyasini, Unguja. Ufundi tumeuchukua, vizuri. Daftari hatujalichukua, ingawa sheria zetu zinalitaka: mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kusomewa mapato na matumizi kila baada ya miezi mitatu. Waulizeni ndugu zenu kijijini mara ya mwisho ilikuwa lini. Wakati huohuo nchi imejaa maboma ya zahanati na madarasa ambayo wananchi walichangia tofali, mchanga na siku zao, yakasimama bila paa huku mtendaji akisubiri fungu. Nani atasema hawa hawajitolei?

Najua nitaambiwa Mendha ni kadogo, ni kabila moja, hakuna tajiri wa kutisha. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi tuige kutokupiga kura. Kijiji chenye wafugaji, wakulima na watu wa mjini wenye mashamba kingekesha kikisubiri kukubaliana. Kotkirana, ambako kulikuwa na tabaka za juu na chini, wadeni na wadai, ndiko kunakofanana zaidi na kwetu. Na huko hawakusubiri wapendane kwanza. Walisomeana malipo, wakagombana, na katika mikutano ya baadaye wengine wakarudisha fedha.

Mwaka 2013 Mendha walifanya jambo ambalo bado linanisumbua. Walikubaliana kuweka ardhi zao zote chini ya umiliki wa kijiji, kwa sheria ya zamani ya gramdan, yaani kukikabidhi kijiji ardhi, iliyotokana na harakati za Vinoba Bhave, mfuasi wa Gandhi. Kila kaya inaendelea kulima na kurithisha, ila hakuna atakayemuuzia mgeni. Nimejiuliza kama ningekubali kufanya hivyo na ekari zetu za ukoo. Jibu ni hapana, si kwa kijiji chetu kilivyo leo. Wao walikuwa wamekaa kwenye mkutano mmoja zaidi ya miaka ishirini, wakiona kila shilingi ilipoingia na ilipotoka. Mimi mchango wa zahanati niliotuma nyumbani sijui hata uliandikwa wapi.