Basari Zetu Ziwafuate Waliopata C

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, yanapotangazwa kila Januari, macho ya nchi nzima huelekea kwa watahiniwa wachache waliopata alama ya A. Hubebwa juujuu, huhojiwa na wanahabari wakiwa wamezungukwa na wazazi na walimu, na wengi wao huahidiwa msaada na benki, mbunge, gavana au wakfu fulani hata kabla ya shangwe kupoa. Sina kinyongo nao, kwa kuwa wametoa jasho na wanastahili. Ninachotaka kusema ni kwamba sisi tuliosoma katika shule za kawaida, na ambao sasa tumejiunga katika vikundi vya wanafunzi wa zamani ili tuchangie elimu ya wadogo zetu, hatuna sababu ya kupeleka shilingi zetu chache mahali ambapo wafadhili wakubwa wamekwisha kufika. Pesa zetu ziende kwa yule aliyepata C, au D, ambaye hakuna aliyemwuliza anakusudia kufanya nini na maisha yake.

Matokeo ya mtihani wa mwaka 2024 yanaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Watahiniwa walikuwa 962,512. Waliopata A walikuwa 1,693, na waliofikia C+, ambayo ndiyo alama ya chini ya kusomea shahada katika chuo kikuu, walikuwa 246,391. Waliobaki ni zaidi ya 700,000, yaani takriban watatu katika kila wanne. Katika shule ya kutwa ya mashambani, kama ile niliyosoma mimi huku Kwale, sehemu hiyo huwa kubwa zaidi, na ipo miaka ambayo darasa zima hutoa mwanafunzi mmoja au wawili tu wa chuo kikuu.

Kwale si kaunti iliyosahauliwa kabisa na wafadhili. Mpango wa Wings to Fly wa benki ya Equity, ulioanza mwaka 2010, umewasomesha watoto wengi kutoka familia maskini katika shule za upili kote nchini, lakini mlango wake umekuwa alama za juu za mtihani wa darasa la nane. Serikali yetu ya kaunti, baada ya ugatuzi kuanza mwaka 2013, ilianzisha mpango wa Elimu ni Sasa, na wapo vijana wa Kinango na Lunga Lunga waliofika shule za kitaifa ambazo wazazi wao wasingethubutu hata kuzitaja. Kampuni ya Base Titanium nayo ilifadhili masomo ya vijana wa maeneo yaliyozunguka mgodi wake, hadi uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa mwaka 2024. Mgodi ukifungwa, kampuni huondoka. Wanafunzi wa zamani wa shule bado wapo, na mara nyingi wadogo zao na watoto wao ndio wanaokalia madawati yale yale.

Kikundi chetu kilianza katika simu, kama vingi vingine, na kwa muda mrefu kilichangamka tu palipotokea msiba au harusi. Mchango ukitangazwa asubuhi, kufikia usiku mweka hazina alikuwa amekwisha kuzipata fedha zilizohitajika. Nadhani uwezo huo wa kuchanga upesi tunaudharau. Jamii inayoweza kukusanya gharama za mazishi kwa siku moja haiwezi kudai kwamba haina nguvu ya kumlipia kijana muhula mmoja wa chuo cha ufundi.

Tulipokubaliana kuanzisha basari, ubishi ulizuka kuhusu vigezo. Baadhi ya wenzetu, na ni watu ninaowaheshimu sana, walitaka tuwatuze watatu wa kwanza kila mwaka ili shule ipate ari ya kushindana. Hoja yao ni kwamba ukimlipia aliyepata C unawafundisha wanaomfuata kuwa uzembe una malipo. Naipinga hoja hiyo kwa nguvu zangu zote, na sababu zangu zinatokana na ninavyozijua shule hizi. Mwanafunzi wa kutwa, hasa msichana, hutoka nyumbani alfajiri kwa miguu, hurudi jioni akateka maji kwenye silanga, yaani bwawa, ambalo wakati wa kiangazi huwa mbali zaidi, akapika, akawalaza wadogo zake, ndipo afungue daftari kama mafuta ya taa yamebaki. Majaribio ya kemia huyaona mwalimu akiyafanya mbele ya darasa, kwa kuwa vifaa havitoshi kila mtu kushika chake. Mwenzake wa shule ya kitaifa ana maktaba, ana maabara, na ana saa za kudurusu usiku chini ya taa na mwalimu wa zamu. Siku ya mtihani wote wawili hupewa karatasi moja. Mimi siwezi kuitazama C ya yule wa kwanza nikaiita uzembe, na sidhani kwamba mtu aliyewahi kutembea njia ile anaweza kuiita hivyo akiwa ametulia na kutafakari.

Isitoshe, C ni alama yenye pa kwenda. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, KMTC, humpokea mwenye C kusomea stashahada ya uuguzi, maadamu ana alama zinazotakiwa katika lugha, baiolojia na masomo mengine husika. Mwenye C- anaweza kusomea stashahada katika taasisi za kiufundi, mwenye D akaanzia kwenye cheti cha ufundi, na aliye chini ya hapo akaingia katika kozi za ufundi stadi na kupanda ngazi kidogo kidogo. Fundi wa viyoyozi anayehitajiwa katika hoteli za Diani, fundi umeme anayeunganisha nyumba zetu, mchomeleaji, mpishi, dereva wa mitambo, hao wote nchi hii inawahitaji, na wengi wao hutoka miongoni mwa hao 700,000. Kinachowazuia mara nyingi ni fedha ambazo kikundi cha watu wazima wenye kazi kinaweza kuzipata.

Tena hapa Pwani elimu ya ufundi yenyewe ilitokana na watu kutoa mali zao. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, iliyojulikana kwa kifupi kama MIOME, iliyojengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora, pamoja na fedha za serikali ya kikoloni, na ikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951. Lengo lilikuwa kuwapa ufundi vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, ambao shule za wakati ule ziliwaacha nyuma. Waliotoa mali zao waliangalia nani amekosa nafasi, wakajenga kwa ajili yake. Huo ndio urithi ambao ningependa tuufuate.

Kazi ngumu zaidi ni kuwapata. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwetu ni kuacha kungoja barua za maombi. Fomu za basari, ziwe za NG-CDF, ule mfuko wa maeneobunge, au za kaunti, huwafikia upesi wale ambao wazazi wao wanajua pa kuziulizia, wanajua chifu anapatikana lini, na wana nauli ya kuzifuata. Kijana ninayemzungumzia hapa hajazi fomu. Matokeo yanapotoka anaongeza alama zake kichwani, anaamua kwamba habari ya shule imekwisha, na baada ya mwezi mmoja yuko kwenye bodaboda ya mtu, au kwenye machimbo ya mawe, au ameolewa. Kwa hiyo nimependekeza, na nafurahi kwamba wengi walikubali, kwamba majina yatafutwe kwa kuwauliza wanaowafahamu watoto: mwalimu wa darasa, mpishi wa shule anayejua nani alikuwa akiomba kujaziwa sahani mara mbili, bawabu anayejua nani alikuwa akifika amelowa matope. Majina hayo yakishapatikana, watu wawili wa kikundi huenda hadi nyumbani, wakaketi na wazazi au na bibi yake, wakasikiliza. Huchukua muda, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Wasichana waliopata watoto wakiwa shuleni nawataja peke yao, kwa sababu hata katika mikutano yetu ya watu wazima jina la binti kama huyo likitajwa, watu huinamisha macho. Sera ya kuwarudisha shuleni imekuwapo Kenya tangu mwaka 1994, na mwaka 2020 serikali ikatoa mwongozo mpya wa namna ya kuitekeleza. Wapo waliorudi, wakanyonyesha usiku na kusoma mchana, wakamaliza kidato cha nne na C-. Kwangu mimi hakuna mtahiniwa aliyefaulu kuliko huyo, na kama fedha zitatosha mtu mmoja tu, awe yeye.

Lipo suala la vyeti, ambalo sikubaliani kabisa na baadhi ya wenzangu. Mwaka 2018 serikali ilipanga kutoa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa shule ya kutwa kwa mwaka, lakini mzazi bado hudaiwa pesa za chakula cha mchana na michango mingine, na deni hilo hulimbikizwa hadi mtoto anapomaliza. Anapofuata cheti chake cha KCSE, huambiwa alipe kwanza. Bila cheti, chuo hakimpokei. Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 inakataza kabisa kumnyima mtahiniwa cheti chake, na kwa hiyo pendekezo kwamba kikundi kilipe malimbikizo ili vyeti vitolewe linaniudhi, kwa sababu litaifanya desturi iliyo kinyume cha sheria iwe chanzo cha mapato. Najua kwamba mwalimu mkuu naye anadaiwa na muuza mahindi na maharagwe, na simchukulii kama adui. Nionavyo mimi, cheti kitolewe kwanza bila sharti lolote, kisha wanafunzi wa zamani walichangie jiko la shule kwa mkono mwingine, kila mwaka, ili watoto wale na deni lisizaliwe. Mambo hayo mawili yasichanganywe.

Kuhusu matumizi ya fedha, naamini ni afadhali tuwasomeshe wawili hadi wahitimu kuliko kuwalipia kumi muhula wa kwanza, tukapigiwa makofi, kisha tukawaacha njiani. Wanafamilia wengi wanaweza kuchangishana wakampeleka kijana chuoni mara moja. Kinachowashinda ni muhula wa pili. Tena karo si gharama yote. Kijana anayekwenda kusomea uchomeleaji anatakiwa kuwa na ovaroli, buti, miwani ya kinga na vifaa vyake vya kazi, na anayekwenda KMTC anahitaji sare, kodi ya chumba na nauli ya kufikia hospitali ya mafunzo. Mtu amelipiwa karo kamili na bado akaacha masomo kwa kukosa kodi ya nyumba. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, huwakopesha wanafunzi wa vyuo vya kiufundi pia, lakini ombi hujazwa kwenye mtandao na hutaka stakabadhi na wadhamini. Katika yote ambayo kikundi chetu hufanya, lililo rahisi na lenye faida kubwa ni kuketi na kijana mbele ya kompyuta, kumwongoza kuchagua kozi anayoiweza katika mfumo wa KUCCPS unaowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, na kumdhamini. Wapo miongoni mwetu wauguzi, mafundi na wahudumu wa hoteli, na nusu saa ya kuzungumza na mtu aliyetoka katika darasa lake mwenyewe humpa kijana maarifa ambayo hakuna hotuba ya siku ya zawadi iwezayo kumpa.

Karo nayo ilipwe moja kwa moja katika akaunti ya chuo, na hesabu zisomwe mbele ya wanachama wote kila mwezi. Kikundi kikipoteza imani ya mtu anayetuma shilingi mia mbili, hakitairudisha kamwe. Nimekataa pia, na nitaendelea kukataa, picha za kumkabidhi mtoto hundi kubwa ya karatasi huku wazee wakitabasamu nyuma yake. Umaskini wake tayari umejulikana kijijini. Hakuna haja ya kuutangaza kaunti nzima. Vivyo hivyo kwa wanasiasa. Uchaguzi mkuu wa mwaka 2027 utaleta watu wenye bahasha nzito na fulana zenye sura zao, na kikundi kitakachozipokea kitajikuta kikiwachagulia wao wa kusomeshwa.

Mwaka huo huo wa 2027 ndio darasa la mwisho la mfumo wa elimu wa 8-4-4 litakapofanya KCSE. Nahofia sana juu ya vijana hao. Walimu, vitabu na fikra za wizara zimehamia kwenye shule za sekondari pevu za mfumo mpya, na kijana atakayetoka na D+ katika darasa la mwisho la mtihani unaofutwa anaweza kuachwa kwa urahisi kuliko yeyote aliyemtangulia. Ningependa kila kikundi cha wanafunzi wa zamani kianze sasa kuandika majina ya wanafunzi hao, wakiwa bado shuleni, kabla hawajatawanyika.

Lipo swali moja ambalo hatujalimaliza, nalo ni kama waliosomeshwa watakiwe kurudisha fedha wanapopata kazi. Wanaolitaka sharti hilo wanasema mfuko hautadumu bila marejesho. Nitalipinga mkutanoni. Vijana hawa wataanza kazi wakiwa tayari na mkopo wa HELB wa kulipa na wadogo wa kusomesha, na deni la pili kwa watu wa nyumbani litawafanya watukwepe. Waingizwe kikundini kama sisi, na mchango wao uwe ule ule unaotozwa kila mmoja wetu.