Kabla ya Koleo, Niambie Kwanza Linauma kwa Nini

Gego langu la juu lilizibwa mara tatu ndani ya miaka miwili, na mara zote tatu kizibo kilivunjika. Nikaenda kwa daktari mwingine nikiwa nimeshakata shauri: ling'olewe, yaishe. Yeye hakugusa hata sindano ya ganzi. Alinibonyeza mashavu karibu na taya, akauliza, "Ukiamka asubuhi, hapa panauma?" Panauma. Kumbe nilikuwa nasaga meno usingizini. Kizibo nilikivunja mwenyewe bila habari. Nikapewa kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku, na gego langu ninalo hadi leo.

Tangu hapo sina subira na tiba inayotanguliza chombo mbele ya swali. Ingawa, tuseme ukweli, mara nyingi wenye haraka ni sisi wagonjwa. Tukikalia kiti tu, kidole mdomoni: "Ni hili hapa." Kidole hicho si shahidi wa kuaminika. Jino bovu likiwa chini, maumivu unaweza kuyasikia juu, upande uleule. Magego ya juu nayo yamepakana na sainasi, yaani nafasi za hewa zilizo ndani ya mifupa kando ya pua. Zikivimba, meno kadhaa huuma kwa pamoja, hasa ukiinama. Jino zima lisije likang'olewa kwa kosa la pua!

Kwa hiyo daktari anayegongagonga jino moja moja, au anayeligusisha kitu cha baridi na kungoja, hapotezi muda wako. Baridi ikichoma na kuacha papo hapo, kiini cha jino huenda bado kinaokoleka. Maumivu yakiganda muda mrefu, hiyo habari nyingine. Hata eksirei si msema kweli wa mwisho, maana ufa mwembamba mara nyingi hauonekani humo.

Kinachonikera zaidi ni meno yanayooza moja baada ya jingine, na kila moja linazibwa kana kwamba limepata ajali yake peke yake. Ganda la jino huanza kuyeyuka asidi mdomoni ikifika pH 5.5 hivi na kushuka (pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi), na mate ndiyo yanayoizimua asidi hiyo na kurudisha madini. Sasa mtu aliyekaukwa na mate kwa sababu ya dawa za mzio au za sonona, utamzibia mangapi? Nani amemuuliza anameza nini? Mwingine meno yake ya mbele ya juu yamelika kwa ndani, upande wa ulimi, naye anaambiwa abadilishe mswaki, wakati huenda ni asidi ya tumbo inayompanda usiku. Na fizi zisizopona, je, sukari imepimwa?

Ila shavu likiwa limevimba na homa imepanda, sitaki mahojiano. Usaha utolewe kwanza. Nikishapata usingizi nitarudi kuuliza ulianzia wapi.