Suti ya Bwana Harusi

Kosa langu lilikuwa kupokea simu ya shangazi wa bibi harusi saa nne usiku. Video ya ufunguzi wa sendofu ilishakwisha, nangoja kupambazuke tu niipeleke ukumbini Tabata nimaliziwe pesa yangu.

"Mwanangu, pale katikati ya majina ondoa 'na', weka alama ya kujumlisha. Watoto wa siku hizi ndivyo wanavyoandika."

Kazi ya dakika moja. Nikafungua After Effects, programu yangu ya kutengenezea video, nikabonyeza Shifti na kitufe cha jumlisha. Kimya. Nikabonyeza tena, na tena, na mara ya nne kwa hasira, kama anayegonga mlango wa mdeni wake. Kumbe hata sikuwa nimeingia kwenye maandishi. Nikaingia, alama ikakaa, nikarenda, yaani nikaitoa video kamili, macho yakiwa kwenye majina tu, nikamtumia WhatsApp. Nikalala.

Saa sita kasoro simu tena.

"Mwanangu, mkwe wetu nguo zake ziko wapi?"

"Si kavaa suti nyeupe, shangazi."

"Suti ipi? Hebu itazame. Na mimi nimeshairusha kwenye grupu la kamati."

Nikaitazama. Suti hakuna. Kuna kichwa, tai nyeusi ya kipepeo, viganja viwili na viatu, vyote vinaelea hewani kwenye pazia langu la mawaridi mekundu. Palipotakiwa kuwa na kifua pamechanua maua. Na jamaa alikuwa anacheka kwenye picha, basi meno yote mekundu, ungedhani katoka kutafuna tambuu. Kwenye grupu mjomba mmoja alikuwa ameshauliza: "Kwani michango haikutosha?"

Nikaishuku maski. Bwana harusi nilimkata kutoka picha ya studio kwa maski niliyoizungusha kwa kalamu, nukta kwa nukta, na maski ndiyo mkasi wetu: ukiteleza kidogo unamng'oa mtu sikio. Nikabonyeza M mara mbili, mambo yake yote yakafunguka. Nikaibadilisha kutoka kujumlisha kwenda kutoa. Akatoweka mzima mzima, ukabaki ukuta wa studio wenye tundu la umbo la mtu. Nikarudisha. Nikapunguza ulaini wa kingo hadi sifuri. Sasa alikuwa uchi na amekatwa vibaya. Nikaifuta maski yote, nikachora upya, nukta zaidi ya mia, laputopu inavuma kama bodaboda inayopanda mlima. Suti haikurudi.

Mwenye akili timamu angejiuliza: ni maski gani hii inayomvua mtu suti ikamwachia tai? Saa nane usiku akili hiyo haipo.

Nilikuja kuokolewa na kidole kilichoteleza. Kwenye orodha ya leya, yaani matabaka ya picha yanayopangwa moja juu ya jingine, safu ya modi za kuchanganya rangi huweza kujificha nyuma ya safu ya swichi, na F4 ndiyo inayozibadilisha. Nikaigusa bila kukusudia. Leya zote zimeandikwa Nomo, yaani kawaida, ila ya bwana harusi: Multiplai.

Basi nikaelewa. Usipokuwa unaandika, Shifti na jumlisha haiandiki kitu, inairusha leya uliyoichagua kutoka modi moja hadi nyingine. Na niliyokuwa nimeichagua ni picha yake. Multiplai huzidisha rangi ya juu kwa rangi ya chini. Nyeusi ni sifuri, ndiyo maana tai na viatu vilibaki vilevile. Nyeupe ni moja, na moja mara waridi ni waridi, iwe suti, iwe meno. Hesabu za darasa la pili! Niliambiwa nijumlishe, nikazidisha.

Nikarudisha Nomo. Suti ikarudi, nyeupe pee, na meno nayo. Ile maski mpya, kusema kweli, ilikuwa imekatwa vizuri kuliko ya kwanza, ila sikuwa na moyo wa kuifurahia. Saa kumi alfajiri nikatuma. Shangazi alikuwa macho, sijui kama hata alilala.

"Afadhali. Mkwe kavaa." Akanyamaza kidogo. "Sasa yale maua ya kifuani umeyapeleka wapi?"

"Ndiyo yaliyokuwa kosa, shangazi."

"Mama wa bwana harusi kayapenda. Mwache na suti yake, ila maua uyarudishe."