Wazungu wa huku na mambo ya ukoo, acheni niwaambie

Niko Ontario mwaka wa tisa sasa, kazi yangu ni kuhudumia wazee, kuogesha, kulisha, kusukuma viti vya magurudumu, na kitu ambacho hakuna aliyenitonya kabla sijapanda ndege ni kwamba wazee wa Kanada wana ugonjwa wa kusaka mababu. Sitanii. Kwetu mzee akistaafu anarudi kijijini anafuga ng'ombe wawili na kugombana na jirani kuhusu mpaka, huku mzee akistaafu anawasha tableti anaanza kumtafuta babu wa babu yake aliyeshuka melini kule Quebec mwaka 1847 na homa juu.

Mwanzoni nilikuwa nawacheka, kimoyomoyo lakini, si unajua kibarua. Mi Mchaga bwana, babu wa babu yangu namjua, baba yake namjua, kaburi la babu liko palepale kihambani, shamba letu la ukoo, chini ya migomba na masale tumepanda, kila Desemba tukienda nyumbani Krismasi watoto wanapita hapo na ndoo za maji. Nikawa naona hawa wenzetu wamepoteana na ndugu zao sasa wanalipia kampuni kila mwezi ziwatafutie. Na vile vipimo vya vinasaba vya kutemea mate kwenye kichupa, nimeona familia moja imekuja kumtembelea mzee wao Jumapili wamekaa kimya kama matanga, kumbe majibu yalikuwa yametoka na kuna mjomba mpya kapatikana.

Sasa kilichonibadilisha ni sensa. Huku sheria inasema majina ya watu kwenye sensa yanafungwa miaka 92, hakuna kuona, halafu yanafunguliwa kwa kila mtu. Sensa ya 1931 ilihesabiwa tarehe 1 Juni, basi tarehe 1 Juni 2023 Maktaba na Nyaraka za Taifa kule Ottawa wakaifungua, bure. Kwa hawa watu ilikuwa kama fainali ya Simba na Yanga. Ila mwanzoni zilitoka picha tu, zaidi ya 230,000, orodha ya majina ya kutafutia ilikuwa bado, kompyuta ndo ilikuwa inafundishwa kusoma mwandiko wa makarani na watu wa kujitolea wanakagua nyuma yake. Kwa hiyo ukitaka mtu wako uwe unajua alikaa wilaya gani, ufungue ukurasa mmoja mmoja kwa kidole.

Kuna bibi mmoja namhudumia, sitasema jina, macho yameanza kugoma, akaniomba nimsaidie nikiwa mapumziko. Baba yake alikuwa mmoja wa wale watoto wa Uingereza waliosafirishwa. Hii stori wengi kwetu hatuijui, na mi nilidhani mzungu hajawahi kumfanyia hivi mzungu mwenzake. Kuanzia 1869 hadi miaka ya 1940, watoto kama 100,000, mayatima na wengine wala si mayatima, mama yupo hai ila hana uwezo, walikusanywa Uingereza wakapandishwa meli wakaletwa Kanada kufanya kazi mashambani na majumbani. Kuna waliotunzwa kama watoto wa nyumbani, kuna waliolala zizini. Wengi walikua wakaoa wakazaa wakafa hawajawaambia watoto wao, kwa aibu, maana kijijini walikuwa wanaitwa watoto wa kuokotwa. Siku hizi wana siku yao ya kitaifa, 28 Septemba.

Tulisaka siku nne, dakika ishirini ishirini. Tukampata kwenye shamba la watu wengine, mstari wa mwisho wa ile kaya baada ya mama, baba na watoto wao: jina la ukoo limekosewa herufi, kazi yake kibarua wa shamba, amezaliwa England, ameingia Kanada 1914, anajua kusoma na kuandika. Sasa karani wa 1931 alikuwa anauliza pia kama nyumba ina redio. Na hapo pameandikwa ndiyo. Yule bibi hakulia kama nilivyotegemea, aliweka kidole kwenye kioo palepale kwenye redio, ukurasa ukaruka tukampoteza tena, ikabidi nimtafute upya, halafu akasema, "Basi jioni alikuwa anasikiliza muziki." Nikaenda kuendelea na kazi nimechelewa dakika kumi.

Ila kilichonichoma kilikuja baadaye. Akaniuliza na wewe je, wa kwako unawajua? Nikajaa. Nikamporomoshea mababu saba, mmoja baada ya mwingine, bila karatasi. Akapiga makofi kabisa, alafu akauliza, na wake zao?

Jamani. Wake zao.

Bibi mzaa baba namjua, mama yake nilimsikia kidogo, juu ya hapo ni "mke wa fulani, alitoka kwa kina fulani kule chini", basi. Yule bibi ninayemhudumia, upande wa mama yake ni Mfaransa wa Quebec, na kule vitabu vya parokia vimetunzwa tangu karne ya 17, ubatizo, ndoa, mazishi, na mwanamke anaandikwa kwa jina la kwao hata akiolewa mara tatu. Ana mpaka bibi mkuu wake aliyekuja kati ya 1663 na 1673 na wale wasichana kama 800 ambao mfalme wa Ufaransa aliwalipia nauli waje kuolewa. Upande wa baba, mtoto wa kusafirishwa, hana kitu zaidi ya mstari mmoja wa sensa. Na mi upande wa wanawake sina hata huo mstari.

Huyu mama wa Quebec mnamuona mbali? Kwetu Kilimanjaro wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua Kilema mwaka 1890, na parokia zetu nazo zina vitabu vya ubatizo vilevile, Kilatini kilekile, jina la mama limo na la msimamizi limo. Sisi tunavikumbuka siku ya kutafuta pasipoti tu. Mi mwenyewe nilipokuwa nahangaikia mama aje anitembelee, cheti cha ubatizo kinasema Elizabeti, kitambulisho kinasema Elizabeth, tarehe ya kuzaliwa ni ya kukadiria, tukaenda ofisi moja tukaambiwa leteni kiapo, tukaleta, tukaambiwa kiapo kina kosa, safari tatu Moshi mjini. Hapo ndo nilikiona kile kitabu cha parokia kwa picha aliyonitumia dogo: kurasa za pembeni zimeliwa na mchwa, na kuna mtu ameweka kikombe cha chai juu ya mwaka 1938, duara lile hapo. Kule Ottawa mafaili ya askari wa vita vya kwanza, zaidi ya 620,000, wameyapiga picha yote yapo bure mtandaoni, mpaka saizi ya kifua cha askari unaiona.

Msinielewe vibaya, sisemi Kanada ni malaika wa kutunza kumbukumbu, waulize wenyeji wa asili ambao watoto wao walipelekwa shule za bweni wengine hawakurudi na mpaka leo majina yanatafutwa. Na karatasi bila watu ni baridi. Kuna siku mzee mmoja Mskochi kanieleza kwao mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama, nikamwambia mzee huo ni Uchaga mtupu, tukacheka mpaka nesi akaja. Tofauti ni kwamba yeye ameikuta kwenye vitabu, kwao haifanyiki tena, mi ndo nilivyopewa jina langu.

Lakini ile kiburi ya "sisi tunakumbuka kwa kichwa" nimeiacha. Kichwa cha nani? Wadogo zangu wa Dar hawafiki babu wa nne. Wahindi waliofukuzwa na Amin 1972, Kanada ilipokea zaidi ya 6,000, wameshaona mbali, pale Chuo Kikuu cha Carleton kuna mkusanyiko wa habari zao na sauti za wazee zimerekodiwa. Kuna mama wa hivyo nakutana naye famasi, Kiswahili chake cha Kampala kinachekesha ila anajua meli aliyokuja nayo babu yake kutoka Gujarat. Sisi Watanzania wa huku tukikutana ni nyama choma na mchango wa msiba.

Basi nikampigia bibi yangu, yule mzaa mama, anakaribia hiyo hiyo 92. Dogo kashika simu. Shikamoo bibi, marahaba baba, umekula? Nikamwambia nataka kuandika majina ya mama yake na bibi yake. Kimya. Halafu nasikia anamuuliza dogo kwa Kichaga, huyu anadaiwa nini huko? Kwake yeye mtu anayekuja kuandika majina ya nyumba ni mtu wa kodi, kwao walikua na kodi ya kibanda, ya Mjerumani kisha ya Mwingereza, karani akifungua daftari wanaume wanapitia mgombani. Mwaka 1931 huohuo ambao karani wa Kanada alikuwa anauliza redio.

Nilimbembeleza. Akatoa jina la mama yake, jina la bibi yake akataja mara mbili, mara ya pili halikufanana na la kwanza, dogo anasikia hivi mi nasikia vile, mara akahamia kwenye ng'ombe aliyelipiwa mahari akafa njiani, na ndo mtandao ukakatika. Usiku dogo kanitumia sauti, bibi anasema lile la pili ni la ubatizo, la kwanza ndo la nyumbani, na kuna dada wa huyo bibi hajamtaja bado.

Jumapili nampigia tena. Nimemwambia dogo bando aweke mapema, na akifika kwenye ng'ombe asimkatishe.